Kitako Kinaporudi Begani

Kati ya mtulinga na kichwa cha mfupa wa mkono pana kibonde kidogo, na ukibonyeza kwa vidole utakipata mara moja. Humo ndimo mlenga shabaha anamokaza kitako cha bunduki, na humo ndimo msukumo wa kila risasi unamoishia. Daktari anayeshona kano za bega hufanya kazi jirani kabisa na hapo.

Kano zenyewe ni nne. Hutoka kwenye bapa la bega, zikakikumbatia kichwa cha mfupa wa mkono na kukibana mahali pake, maana tundu kinamokaa lina kina kifupi mno. Inayochanika mara nyingi ni ile ya juu. Daktari huirudisha na kuifunga kwenye mfupa, lakini kuota na kushikana ni kazi ya mwili wenyewe, nao hauna haraka. Kwa kawaida mkono hufungwa kifuani wiki 4 hadi 6, na mazoezi ya kuongeza nguvu husubiri mpaka kama wiki 12. Bunduki kubwa huja baada ya hapo, tena kwa ruhusa ya daktari.

Asiyeijua kazi hii hudhani mlenga shabaha aliyepasuliwa bega anasubiri nguvu zirudi. Nenda Bisley, katika jimbo la Surrey nchini Uingereza, ulipo uwanja ambao mashindano makubwa ya bunduki yamefanyika tangu mwaka 1890, uwatazame waliolala kifudifudi kwenye mstari. Nguvu huioni popote. Kiwiko cha kushoto kimekita chini, karibu sana na usawa wa bunduki. Kiganja kimefunguka tu, hakijashika kitu, na bunduki imelala juu yake. Mkanda umezungushwa juu ya mkono wa kushoto, ukakazwa mpaka mkono na bunduki vimekuwa pembetatu moja. Uzito unapita kwenye mfupa, unaingia kiwikoni, unamalizikia ardhini. Goti la kulia limevutwa juu kidogo ili tumbo lisigandamizwe na pumzi zisiitikise bunduki. Msuli umeachiwa, kwa sababu msuli ukifanya kazi huchoka, na ukichoka hutetemeka.

Kisha huja jambo ninaloliona zuri kuliko yote katika ufundi huu. Mtu akishalenga hufumba macho, hutoa pumzi na kuulegeza mwili wote, halafu hufumbua. Akikuta bunduki imekwenda kushoto mwa shabaha, hairudishi kwa mkono. Husogeza nyonga kidogo tu, akafumba macho tena. Hurudia hivyo hadi mwili uliolegea uelekee shabaha wenyewe. Mwenye bega zima anaweza kulikwepa hilo, akaisukuma bunduki kwa msuli na risasi ikapata. Itapata ya kwanza, ya tano, pengine na ya nane. Mwenye bega lililoshonwa hana njia hiyo ya mkato: akisukuma, ataumia. Kwa hiyo hulazimika kuupanga mwili kwa usahihi ambao zamani alikuwa akiuahirisha, na nadhani ndiyo maana ulalo wa baadhi ya waliorudi kutoka hospitali unapendeza kuutazama kuliko wa vijana wenye mabega ya chuma.

Nisilifanye jambo hili jepesi. Kulala kifudifudi ni kunyoosha mikono mbele ya kichwa, na hilo ndilo pozi ambalo bega linalopona hulichukia. Kiwiko cha kulia inabidi kikae karibu zaidi na mbavu. Kitako hufupishwa, kibao chake cha nyuma kikashushwa au kusogezwa ndani kuelekea shingoni. Na kila baada ya risasi mkono wa kulia huondoka: kuvuta komeo, kutoa ganda, kutia risasi nyingine, kisha kurudi. Kitako kikirudi pembeni kidogo tu ya pale kilipokuwa, risasi nayo itahama.

Ndiyo maana safari huanza nyumbani, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili. Hufyatuliwa hivyohivyo, jicho likiangalia kama kilengeo kimetikisika pini ilipogonga. Baadaye hufuata bunduki ndogo ya milimita 5.6, ambayo msukumo wake haufiki hata kumwamsha mtoto aliyelala begani. Udogo usikudanganye: katika mita 50, duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, Sergei Martynov wa Belarusi alipiga risasi 60 akiwa kifudifudi na zote zikaingia humo, alama 600 kwa 600.

Bunduki ya milimita 7.62 ni habari nyingine. Risasi yake ina uzito karibu mara nne ya ile ndogo na kasi karibu mara tatu. Hapo kano huwa imeshapona, ila mwili bado unakumbuka. Kidole kinapoanza kubana kifyatulio, bega hujikunja kabla ya mshindo, na risasi huangukia chini ya shabaha. Dawa yake ya zamani ni rafiki anayeijaza bunduki kwa siri, mara risasi ya kweli, mara ganda lisilo na baruti. Likija lisilo na baruti, mtutu unaoruka bila sababu humuumbua mwenyewe mbele ya wote.

Yupo aliyelikwepa bega kabisa. Mwaka 1938, guruneti bovu lilimlipukia Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, likauharibu mkono wake wa kulia. Alijifunza kutumia wa kushoto, akashinda dhahabu ya bastola katika Olimpiki za mwaka 1948 na 1952. Lakini bastola haina kitako cha kukaza begani.

Kwa wale ambao bega halitaki tena mkanda, Mkanada George Farquharson alifungua mlango mwingine: bunduki hukaa juu ya miguu yake miwili au juu ya egemeo na kulengwa kwa darubini. Mashindano hayo huitwa F-Class, herufi ikitokana na jina lake. Wako wanaoyabeza kuwa ni ya wazee. Lakini katika yadi 1,000, yaani mita 914, upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka pembeni huihamisha risasi zaidi ya mita 2, na hakuna egemeo linalosoma bendera za upepo. Tena, ili asiwepo wa kusema wamepewa mteremko, duara lao la katikati limefanywa nusu ya upana wa lile la wenye mkanda.