Uchunguzi wa Sumu za Migodi Wawafaa Nini Watu wa Salamabila?

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa maandishi juu ya madini yaliyomo katika miili ya watu wa Katanga. Walipima mkojo wa watu 351. Waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na watoto waliwazidi wakubwa. Mwaka 2018 ulitoka uchunguzi mwingine, wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Huko nako watoto ndio walioonekana kupatwa zaidi.

Kazi hiyo yastahili sifa. Kubishana juu ya vumbi ni rahisi: huyu asema ni sumu, yule asema ni vumbi tu. Wataalamu hawa hawakubishana. Walipima miili ya watu, kisha wakalinganisha wa karibu na wa mbali.

Lakini ina upungufu wake. Kobalti hutoka upesi katika mkojo. Basi kipimo cha siku moja chaonyesha yaliyoingia mwilini karibuni, hakionyeshi ugonjwa. Mwenye mgodi aweza kujibu: "Nionyeshe mgonjwa." Uchunguzi wa mwaka 2020, uliofanywa Lubumbashi, ulijaribu kumjibu. Ulitazama watoto waliozaliwa na kasoro, ukaona kwamba hatari ilizidi pale baba alipofanya kazi ya migodi. Hata hivyo kobalti iliyopimwa kwa akina mama haikutosha kueleza sababu. Waandishi walilisema jambo hilo bila kuficha, nasi twawaheshimu kwa ajili hiyo. Upungufu mwingine ni lugha: maandishi yote matatu yalitolewa kwa Kiingereza, na watu wa Kasulo husema Kiswahili.

Je, Salamabila nayo? Hapa mali ni dhahabu, wala haifai kuchukua hesabu za kobalti na kuzibandika Namoya. Kampuni ya Banro ilipochimba Namoya, ilitoa dhahabu katika mawe kwa sianidi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, katika nchi nyingi, hutumia zebaki: huichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huvutwa na mchomaji na wote walio karibu, hata mama na mtoto wakiwa jikoni. Tena zebaki ikifika mtoni hugeuka ikaingia katika samaki. Kwa hiyo mchomaji apimwe mkojo, na mla samaki apimwe nywele. Atakayepima kimoja tu atasema hakuna shida, kumbe ametazama mlango usio wenyewe.

Jambo hili lina uzito mbele ya sheria. Sheria ya migodi ya Kongo, ilivyorekebishwa mwaka 2018, yamdai mwenye haki ya kuchimba alipe madhara yaliyotokana na kazi yake, hata kama hakufanya kosa. Ni neno jema sana. Lakini mwanakijiji atathibitishaje kwamba madhara yametoka mgodini, ikiwa maji hayakupimwa kabla ya kazi kuanza? Bila kipimo cha mwanzo, haki hiyo yabaki katika karatasi.

Wengine husema: tungoje mpaka wataalamu wawe na hakika kamili. Hapo tutazame Minamata, Japani. Ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956. Mwaka 1959 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikwisha kuitaja zebaki. Serikali ilikiri kwamba kiwanda ndicho chanzo mwaka 1968, na miaka ile yote watu waliendelea kula samaki. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyoanza kutumika mwaka 2017, yalipewa jina la mji huo. Nchi iliyoyakubali, ikiwa ina wachimbaji wengi wadogo wa dhahabu, yapaswa kuandika mpango wa kupunguza zebaki, na humo iweke njia ya kulinda afya ya watu.

Basi uchunguzi na uongozi viende pamoja. Kuizuia zebaki isichomwe jikoni, na kutumia chombo kilichofunikwa cha kukamata mvuke, hakuhitaji kungoja kitabu kipya. Wakati huohuo maji, mkojo na nywele vipimwe, na majibu yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wale waliopimwa, kabla hayajapelekwa ng'ambo.