Nyumba ya Sir John Soane

Nyumba nambari 13 ya Lincoln's Inn Fields, London, ina uso wa jiwe la Portland uliotokeza mbele ya kuta za matofali za majirani. Ulipojengwa mwaka 1812, mkaguzi wa majengo wa mtaa alimshtaki mwenyewe, akashindwa. Lakini sifa ya nyumba hii haimo usoni. Imo katika chumba kidogo cha staftahi.

Humo Soane, mwana wa mwashi aliyepata kuwa msanifu wa Benki ya Uingereza, alitandaza kuba pana juu ya nguzo nne nyembamba, mfano wa mwavuli. Kuba hiyo haifiki kwenye kuta za kaskazini na kusini. Penye nafasi iliyobaki dari imeinuliwa juu zaidi na kutiwa vioo, hata nuru hutelemka ukutani na aliyeketi mezani asijue itokako. Wengi huiita kazi hii hila. Neno hilo halitoshi, maana hila hudanganya jicho, na hapa jicho hufundishwa kuwa dari si lazima iwe kifuniko.

Nyuma ya chumba hicho mambo hubadilika. Vichwa, mitungi na vipande vya nguzo vimesongamana mpaka kuta hazionekani, na chini yake limewekwa jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, lililonunuliwa mwaka 1824 kwa pauni 2,000. Wako wasemao kwamba msongamano huo ni ushairi. Yamkini, lakini msanifu amemwachia mkusanyaji nafasi yake.

Nyumba ilikusudiwa pia wana watakaorithi ufundi. Mwaka 1815 mwanawe George aliandika gazetini, bila kutaja jina, akiyakashifu majengo ya baba yake. Mama akafa mwaka uo huo, na Soane akazitia makala zile katika fremu kama silaha zilizomwua. Sheria ya Bunge ya mwaka 1833 iliipa nchi nyumba hiyo, ikaagiza itunzwe, kadiri iwezekanavyo, kama atakavyoiacha. Alifariki mwaka 1837. Ajabu ya sheria hiyo ni kwamba ilikomesha tabia iliyoizaa nyumba yenyewe, kwani tangu 1792, alipoanza na nambari 12 ya jirani, Soane hakuchoka kubomoa na kujenga upya. Vyumba vya faragha vya ghorofani vilipofunguliwa tena mwaka 2015, mafundi walifuata picha za rangi za zama zake.