Mwaka wa Jando Hauhamishwi

Wapenzi wa tamthilia za kihistoria wana jicho kali kwa vitu. Saa ya plastiki mkononi mwa askari wa mkoloni, nguzo ya umeme nyuma ya msafara wa ng'ombe, mtungi wa mafuta wa manjano kisimani: hawakosi kuviona. Nambari za magari ndizo huumbua upesi zaidi. Hapa Kenya mtindo wa kuweka herufi moja mwishoni, ulioanza na KAA, uliingia mwaka 1989, kwa hiyo lori lenye nambari hiyo katika kisa cha miaka ya Uhuru limejifichua lenyewe. Kukosoa mambo hayo ni haki ya mtazamaji. Hata hivyo naona ndiyo makosa mepesi kuliko yote. Kosa zito katika tamthilia ya familia ni lile linalovuruga hesabu ya familia yenyewe: nani alizaliwa lini, nani alitangulia jandoni, shambani mlikuwa na nini mwezi ule. Lori likiondolewa kisa kinabaki kizima. Hesabu ya familia ikiharibika, watu wanatenda mambo bila sababu.

Mfano mzuri ni The Flame Trees of Thika, tamthilia ya vipindi saba iliyopigwa picha nchini Kenya na kurushwa Uingereza mwaka 1981, kutokana na kitabu cha Elspeth Huxley. Huxley alizaliwa 1907 na kisa kinaanza 1913, kwa hiyo mtoto tunayemfuata ana miaka sita hivi. Aliyeigiza nafasi hiyo, Holly Aird, alizaliwa 1969, na wakati wa kupiga picha alikuwa amekaribia maradufu ya umri huo. Kwa hesabu kavu hilo ni kosa, lakini ukiangalia kazi yenyewe ni uamuzi wenye sababu: mtoto wa miaka sita ni vigumu abebe vipindi saba. Uamuzi huo una gharama yake. Mapenzi ya siri kati ya wahusika wawili, Lettice Palmer na Ian Crawfurd, yana ladha moja yakionwa na mtoto asiyeelewa anachokiona, na ladha nyingine kabisa mbele ya msichana anayekaribia kubalehe. Sasa linganisha na filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985. Nyumba tunayoiona humo siyo ile ambayo mwandishi Karen Blixen, mhusika mkuu wake, alikaa miaka mingi, ambayo leo ni makumbusho. Ni ya jirani, Mbagathi, alikoishi miaka yake ya kwanza. Nyumba imebadilika na hakuna anayependa, kugombana au kufilisika kwa namna tofauti kwa sababu hiyo.

Makosa ya hesabu ya familia huingia kupitia ratiba. Tamthilia haipigwi picha kwa mfuatano wa kisa. Maonyesho yote ya boma moja hupigwa siku moja, hata kama katika kisa yamepishana kwa miaka kumi. Ndiyo maana kuna mtu wa kutunza mwendelezo, mwenye daftari na picha za kila onyesho: kikombe kilijaa hadi wapi, kifungo kipi kilikuwa wazi, kilemba kilielekea upande gani. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa, lakini ni ulinzi wa dakika. Miaka haina mlinzi. Mwandishi hudhani ni kazi ya mtu wa mavazi, mtu wa mavazi hudhani ni ya mwandishi.

Ilete sasa hesabu hiyo Chwele, Bungoma. Mwandishi anayetaka kisa cha familia ya Kibukusu atavutiwa na mwaka 1948, na ana sababu, kwa maana mwezi Februari mwaka huo polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde pale Malakisi. Atataka pia kijana wa familia atahiriwe mwaka huohuo, machungu na utu uzima vije pamoja. Hapo amebahatika, maana jando la Wabukusu ni la miaka ya shufwa, mwezi Agosti, na Agosti ya 1948 ndiyo iliyofungua rika la Banyange. Lakini ratiba huvutavuta. Mhariri akiomba jando litangulie mauaji, mwandishi anarudisha tarehe hadi 1947, na mwaka huo hakuna jando. Akisogea hadi 1946, kijana ameingia rika jingine, Bakinyikewi, lililofungwa mwaka huo. Kaka na mdogo wake waliopishana miaka miwili tu wanaweza kuwa marika mawili tofauti. Mzee wa Chwele akiona kwenye skrini vijana wa 1947 wakipiga kengele za chinyimba, hataona kosa dogo la tarehe. Ataona familia ambayo haiwezi kuwepo.

Shamba nalo lina ushahidi wake. Wapiga picha hupenda Januari na Februari, barabara zikiwa kavu na mwanga ukiwa wa uhakika. Alfajiri kijana anatoka mtoni amepakwa tope la sitosi, anapita katikati ya mabua makavu ya mahindi, wakati Agosti ya nyanda hizi ni kijani kitupu. Hilo ni kosa la mwendelezo. Hata mahindi yakiwa mabichi bado kuna kosa la historia, maana mistari iliyonyooka ya mimea yenye kimo kimoja ni sura ya mbegu za haibridi, na haibridi ya 611 ilitoka kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964. Mahindi yalikuwepo kabla ya hapo, lakini wimbi lilikuwa na kazi ambayo kisa hakiwezi kuipuuza: pombe ya busaa ya kuwapokea wageni wa jando ilihitaji wimbi, na wimbi huvunwa kuelekea Agosti. Ukiliondoa shambani, umeondoa mojawapo ya sababu za sherehe kuangukia mwezi ule.

Kuna watakaosema tamthilia si kitabu cha historia, na kwamba hata Shakespeare aliifanya saa igonge Roma ya Julius Caesar. Ni kweli, na saa ile haimuudhi mtu kwa sababu njama ya kumuua Caesar haiitegemei. Jando la kijana linategemewa na kila kitu kinachofuata. Hoja ya fedha ina uzito zaidi. Watayarishaji wetu hawana uwezo wa kujenga upya soko la Chwele la 1948, na Mji Mkongwe wa Zanzibar unaompa mwongozaji kuta za kale bila jasho hauko Bungoma. Lakini orodha ya wahusika yenye mwaka wa kuzaliwa, rika la kila mwanamume na kilichomo shambani kila mwezi hugharimu karatasi na mazungumzo ya siku chache na wazee. Na kama picha lazima zipigwe Januari, kamera iingie uani usiku wa kuamkia tohara, wageni wamezunguka chungu cha busaa, mirija mikononi, taa ya mafuta ikimulika nyuso tu. Mahindi hayahitaji kuonekana.