Risasi za Egzosi Hazitibiwi kwa Jeti Kubwa

Bodaboda zinaposhuka kutoka Kwale kuja Kombani, iliyofungwa sailensa ya dukani inajulikana kabla haijaonekana. Mteremko wa Shimba Hills unamlazimu dereva kuachia mafuta, na hapo hapo egzosi inaanza kupiga risasi. Dawa ya magereji mengi ni moja: ng'oa jeti kubwa, tia pana zaidi. Huo ni uamuzi mbaya, kwa sababu unatibu wakati ambao ugonjwa haupo. Mafuta yakiachiwa, slaidi ya kabureta imeshuka na jeti kubwa haina kazi. Injini inalishwa na jeti ndogo na skrubu yake. Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno, silinda inashindwa kuuchoma wote, petroli mbichi inatoka, inakuta hewa ndani ya bomba la moto na kulipuka. Jeti kubwa iliyopanuliwa itaonekana dereva akifungua mafuta kupanda tena Kwale: petroli inaliwa zaidi, plagi inashika masizi, na kwenye mteremko risasi ziko pale pale.

Cha kuuliza kwanza ni hewa hiyo imepita wapi. Kila mpigo wa moshi ukipita, nyuma yake bomba linavuta, na penye ufa kwenye maungio hewa ya nje inaingia. Gasketi ya kwenye silinda hedi ikishabanwa na kufunguliwa haizibi tena vizuri, lakini inarudishwa ile ile, au inapakwa gundi nyekundu isiyostahimili joto la mahali hapo. Ukanda wa Diani na Msambweni una upepo wa chumvi unaokula stadi na nati, kwa hiyo bomba linalumana upande mmoja na kuachia wa pili. Kukagua uvujaji si kazi kubwa: injini ikiwa baridi, iwashwe, maungio yapakwe maji ya sabuni, mdomo wa sailensa uzibwe nusu kwa kitambaa, mapovu yataonyesha.

Watasema sailensa ya wazi inahitaji petroli zaidi. Kweli, inaweza kuhitaji, lakini hilo hupimwa mafuta yakiwa wazi kabisa, kwa kusoma plagi: nyeupe ni petroli haba, nyeusi ya masizi ni nyingi. Watasema pia kwamba baada ya kubadili jeti risasi zilipungua. Aliyebadili jeti, akagusa skrubu na kukaza nati kwa mkupuo mmoja hawezi kujua kipi kilichoponya. Mafundi waliokulia kwenye Honda CG125, iliyotoka 1976, walibadili kitu kimoja, wakapima, ndipo wakaendelea. Walijua pia kwamba skrubu iliyo upande wa chujio hupunguza hewa ikikazwa, na iliyo upande wa injini huongeza petroli ikilegezwa. Leo inazungushwa kwa kubahatisha, na kutoboa tumbo la sailensa kunaitwa kuongeza nguvu, ilhali kunaongeza kelele tu.

Utaratibu ni huu: gasketi mpya, kisha skrubu, kisha jeti ndogo hatua moja. Jeti kubwa iguswe plagi ikidai, na mwenye pikipiki asilipie jeti kabla hajaonyeshwa gasketi ya zamani mkononi.