Maduka ya Al Khoudh: tunamgombeza nani?



Tukikutana wageni hapa Al Khoudh, tukishamaliza habari za mitihani na joto, mazungumzo lazima yaishie madukani. Huyu kauziwa feni mbovu, yule kanyimwa chenji, mwengine kasimama kaunta mpaka miguu imemuuma na muuzaji yuko na simu yake. Malalamiko mengi ni ya kweli na sina nia ya kuyafunika. Ila naona kidole tunamnyooshea mtu siye.

Kwanza tuyataje. Moja, chenji. Riali ina baisa 1000, na bei nyingi huishia kwenye visarafu. Unadai baisa 50, unapewa bigijii au pakiti ya tishu, wala hukuulizwa. Jaribu kesho kumlipa kwa bigijii hizo hizo uone kama atazipokea! Pesa ni ndogo, lakini ni yako.

Pili, zamu. Mnaijua desturi ya honi: gari linasimama mbele ya mkahawa wa chai ya karaki, honi inalia, kijana anatoka mbio kuchukua oda. Kwa mwenye gari raha tupu. Kwa aliyekuja kwa miguu akasimama ndani, kila honi inamrudisha nyuma nafasi moja.

Tatu, kurudisha kitu, na hili ndilo lililoniuma. Mwaka jana nilinunua birika la umeme kwenye duka ambalo jina naliacha. Siku ya tatu likagoma. Nikarudi na risiti yangu. Muuzaji akalitazama birika, akanitazama mimi, akasema kwa Kiarabu cha dukani: "Mudir mafi," yaani bosi hayupo. Kesho yake, mudir mafi. Mara ya tatu nikamkuta mzee mmoja wa Kiomani amekaa, anaongea na simu kwa Kiswahili cha Unguja safi kabisa. Kumbe ndiye mwenye duka. Nikamsubiri amalize, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, wewe wa wapi?" Birika jipya likatoka hapo hapo, na kahawa juu yake.

Wengine mtasema, si ndiyo faida ya Kiswahili hiyo? Na kweli Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar na bara walirejea baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970, na lugha wakaja nayo. Kuisikia Muscat inafurahisha, mimi wa kwanza. Lakini nyuma yangu siku ile alikuwepo mtu na pasi yake mbovu, asiyejua Kiswahili wala Kiarabu. Yeye aliambiwa arudi kesho. Risiti yake ilikuwa na tofauti gani na yangu? Nilichopewa mimi ni upendeleo, na upendeleo leo unao, kesho ukimkuta mwengine pale kitini huna.

Haki yenyewe ipo, tena imeandikwa. Sheria ya kumlinda mlaji, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme Na. 66 ya 2014, inampa mnunuzi haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa pesa yake bidhaa ikiwa na kasoro. Haikuweka sharti la kujua shikamoo.

Sasa turudi kwa muuzaji tunayemtukana. Mara nyingi ni mgeni kama sisi, katoka Kerala au Bangladesh, na kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri. Mpaka mwisho wa 2020 hata aliyemaliza mkataba hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwengine bila barua ya kutopinga kutoka kwa yule wa kwanza. Tangu Januari 1, 2021 sharti hilo limeondolewa kwa anayemaliza mkataba, na ni jambo jema. Lakini pale kaunta mamlaka bado hana. Akibadilisha birika bila ruhusa, nani anajua kama halitakatwa kwenye mshahara wake? "Mudir mafi" ndiyo ngao yake ya pekee.

Sisi watu wa lugha tunajua kwamba huduma na hadimu ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Kiswahili kimeyatenganisha: huduma unampa mtu kwa hiari na heshima, hadimu ni mtumwa wa amri. Duka linalotaka huduma nzuri kutoka kwa mtu linayemfanya hadimu linajidanganya.

Kwa hiyo nasema hivi. Dai risiti na dai chenji yako, kwa upole. Ukizungushwa, mtake mwenye duka, na akikataa, mamlaka ya kumlinda mlaji ipo tangu 2011, nenda kashitaki. Kijana muache. Na wazee wetu wenye maduka, nyinyi mliokulia Darajani mnajua kwamba biashara haigombi. Bandikeni ukutani masharti ya kurudisha vitu, kwa lugha wanazosoma wateja, na mpeni kijana wenu ruhusa ya kubadilisha birika bovu bila ya kukusubirini nyinyi.

Naomba kutoa hoja. Anayeona vyengine aseme.

Wasalaam.