Huyu Siye Chuma

Katika picha, mtu mweusi kijana amesimama kando ya jeneza la David Livingstone. Maandishi ya picha yakimwita Chuma, mtunza nyaraka makini hambishii mtu, anafungua kalenda.

Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Aliyesafiri na mwili wake hadi Uingereza, akapigwa picha kando ya jeneza na kuwa miongoni mwa waliolisindikiza kaburini, ni Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik, India. Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wenzake, walifika baada ya mazishi. Basi, huyo aliyesimama kando ya jeneza siye Chuma.

Soko la Nyangwe nalo ni shahidi mzuri wa nani alikuwa wapi. Livingstone alifika soko hilo la ukingoni mwa mto Lualaba mwaka 1871 akiwa na Susi na Chuma, akaondoka baada ya mauaji yaliyotokea hapo Julai 15. Wainwright alijiunga naye mwaka 1872 tu, karibu na Tabora. Mchoro unaomweka sokoni Nyangwe pamoja na bwana wake umekosea, hata uchongwe kwa ustadi gani. Wachongaji wa London wenyewe hawakuwahi kuiona Nyangwe!

Pongezi ziwaendee watunza nyaraka wa namna hii. Kazi yao ni ya polepole, haina makofi, lakini humrudishia mtu jina lake. Nanyi wa Kasongo na Kabambare mlio na picha za wazee sandukuni, andikeni majina nyuma yake leo, wakingali hai wanaowatambua.