Sinema ya "Hatari!" na Jicho la Mtazamaji

Kwa habari ya sinema watu wetu wamegawanyika mafungu mawili. Wako waikatazao kabisa, wakisema ya kuwa hupoteza muda wa vijana na kuwafundisha ulevi na ngumi. Tena wako wasifuo kila picha iendayo, mradi ina mbio na kelele. Mimi ni mpenda sinema, wala sioni haya kusema hivyo. Lakini kitabu kizuri hupimwa maneno yake, na sinema nayo yastahili kupimwa vivyo hivyo. Kwa hiyo nataka tupime sinema moja iliyopigwa karibu na kwetu, ambayo hata jina lake ni neno letu: "Hatari!"

Aliyeiongoza ni Howard Hawks wa Marekani, na mchezaji wake mkuu ni John Wayne. Picha zilipigwa kaskazini mwa Tanganyika: mjini Arusha, Momella chini ya mlima Meru, Ngorongoro, na kando ya Ziwa Manyara, zamani zile Karatu ilipokuwa bado katika wilaya ya Mbulu. Kazi ilifanyika kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, na sinema ikatoka mwaka 1962. Hudumu zaidi ya saa mbili na nusu. Zamani mtu wa kijijini alipaswa kufunga safari mpaka mjini ili aione. Siku hizi kijana huweza kuitazama katika simu ya mkononi huku akichunga ng'ombe.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Bwana mmoja, Sean Mercer, ana kundi la watu wakamatao wanyama hai, ili wapelekwe katika bustani za wanyama za ng'ambo. Mara tu mwanzoni faru anamchoma mwenzao pembe mguuni, naye anakimbizwa hospitali Arusha. Kisha anafika mwanamke mpiga picha aitwaye Dallas, ambaye mchezaji wake ni Elsa Martinelli wa Italia. Dallas anawahurumia ndama wa tembo walioachwa bila mama, anawalea, na mbuzi wanatafutwa wakamuliwe kwa ajili yao. Hatimaye wanyama wanakamatwa, na Sean na Dallas wanaoana. Ni hayo tu.

Basi uzuri wake u wapi? Uko katika mawindo. Hapa sinema hii haina mzaha. Wachezaji wenyewe walipanda magari, wakafukuza wanyama wa kweli katika mbuga za kweli. John Wayne ameketi katika kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya gari, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, gari linaruka mashimo, na faru anakimbia ubavuni pake karibu sana. Hakuna mnyama aliyechorwa kwa mashine, kama ilivyo desturi ya sinema nyingi za leo. Vumbi lile ni vumbi letu la kiangazi, na jua lile ni jua letu. Mpiga picha, Russell Harlan, aliwekwa miongoni mwa walioshindania tuzo ya Oscar kwa kazi hii, nami naona alistahili. Muziki wa Henry Mancini nao ni mtamu, hasa ule wa ndama wa tembo, ambao watu wa nchi nyingi huujua hata kama hawajaiona sinema.

Tena sinema hii imegeuka kuwa ushuhuda, ingawa haikukusudiwa hivyo. Karibu na mwaka 1970 faru weusi wa Afrika nzima walikadiriwa kuwa 65,000. Kufika miaka ya katikati ya 1990 walikuwa wamesalia chini ya 2,500, kwa sababu ya majangili watafutao pembe. Wale wa Manyara walitoweka. Mtoto wa Mbulu aweza leo kumaliza shule asimwone faru hata mara moja. Katika "Hatari!" atamwona, si amesimama kama sanamu, bali akikasirika, akipiga chuma kwa pembe, akihema. Kwa jambo hilo naishukuru.

Sasa natia upande wa pili wa mizani. Katika kundi lile yuko Mmarekani, yuko Mjerumani, yuko Mfaransa, yuko na mtu wa Meksiko. Kila mmoja ana jina, ana utani wake, ana woga wake, ana mpenzi au atafuta mpenzi. Twawajua wote kabla saa moja haijapita. Lakini wako na wengine: wafungao kamba, wabebao vizimba, watumikao nyumbani. Hao ni watu wa nchi hii, nao hatuwajui. Katika majina ya wachezaji wakuu hamna Mwafrika hata mmoja.

Kipande ambacho wenyeji wanaonekana kwa wingi ni kile cha Waarusha kumpa Dallas jina la "Mama Tembo". Anapakwa rangi, watu wanashangilia, na mtazamaji anacheka. Lakini hebu tufikiri kidogo. Kwa desturi zetu, mwenye kutoa jina ni mzazi au mzee. Jina si kitu cha kuokotwa njiani. Basi wazee hao waliotoa jina, wao majina yao ni nani? Waliona nini katika mgeni huyu hata wakamheshimu hivyo? Sinema haiulizi. Wametoa jina, wakabaki bila majina.

Tena fikirini wakati wenyewe. Mwezi wa Agosti 1960 palikuwa na uchaguzi, TANU ikapata viti 70 katika 71. Nchi nzima ilizungumza habari za uhuru, sokoni na vilabuni. Sinema iliyopigwa katika majira hayohayo haikusikia hata mnong'ono wake. Mtu akiitazama bila kujua mambo, atadhani kaskazini mwa Tanganyika palikuwa na wanyama, milima, wageni wachache wachangamfu, na watumishi.

Najua mtu atanijibu: "Ewe mwalimu, hii ni sinema ya wanyama. Usimdai mbuzi maziwa ya ng'ombe." Jibu hilo lina haki, maana si vema kuilaumu kazi kwa sababu si kazi nyingine. Ingekuwa sinema ya wanyama watupu, ningenyamaza. Lakini sehemu kubwa ya saa zile mbili na nusu ni habari za watu: vicheko vyao, ugomvi wao, na mapenzi yao. Basi mtengenezaji alichagua watu gani wawe watu kamili, na watu gani wawe kama miti ya nyuma ya picha. Mwenye kuchagua huulizwa.

Wala jambo hili si la kufurahisha macho tu. Sinema hulizoeza jicho, na jicho lililozoea kuona nchi tupu hutoa shauri la nchi tupu. Mwaka 1959 ilitoka sinema ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotangaza ya kuwa Serengeti isife. Upendo wao ulikuwa wa kweli; Michael alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959 katika kazi hiyo, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Mwaka 1960 sinema yao ilipata tuzo ya Oscar. Lakini pamoja na wema wake ilifundisha ya kuwa mahali pa wanyama hapawi mahali pa wafugaji. Sisemi kwamba ndiyo iliyowatoa Wamasai Serengeti, kwa kuwa mapatano ya kuhama yalifanywa mwaka 1958, kabla haijatoka. Nasema iliwazoesha watu wa mbali kuliona jambo lile kuwa jepesi.

Nanyi wasomaji wa Hanang mna mfano wenu wenyewe, ingawa huo haukutoka katika sinema. Mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyosaidiwa na Kanada hasa katika miaka ya 1970 na 1980, yalitwaa ekari zipatazo 100,000. Katika karatasi za wataalamu nyanda zile zilionekana kama nyasi zisizotumika. Kwa Wabarabaigi zilikuwa malisho ya majira yake, njia za mifugo, na mahali pa makaburi ya wazee waheshimiwa, nayo mengine yakalimwa kwa trekta. Watu wakaenda mahakamani kwa ajili ya ardhi yao. Waliopanga mashamba hayo hawakuwa lazima wabaya. Walitazama bonde, wasimwone mtu. Ndilo jicho lilelile ninalolisema.

Je, dawa ni kuwaweka tu Waafrika mbele ya kamera? Sivyo. Miaka ya 1935 mpaka 1937 ilitengenezwa michezo ya sinema huko Vugiri, Usambara, kwa fedha za Carnegie Corporation, chini ya Meja Notcutt na Bwana Latham, ikazungushwa kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki. Humo Waafrika waliigiza. Lakini mara nyingi walikuwa wanafunzi wa somo lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine: weka fedha benki ya posta, jihadhari na malaria, usifanye hivi, fanya vile. Somo laweza kuwa jema, na bado anayelisema si yule aonekanaye. Lakini mwaka 2021 sinema ya "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotoka katika riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto. Humo Waswahili wa Unguja wa miaka ya 1950 wanapenda, wanakosea na kupigania nchi yao kwa lugha yao. Hao ni watu kamili.

Kwa hiyo sitawaambia msiitazame "Hatari!" Itazameni, na watoto waitazame, kwa maana nchi ile ni nzuri na mawindo yale ni ya kweli. Lakini itakapokwisha, waulizeni watoto maswali matatu. La kwanza: ni nani katika sinema hii aliye na jina, na ni nani asiye nalo? La pili: ni nani aliyefanya kazi, na sifa zilikwenda kwa nani? La tatu: kamera ingaligeuzwa upande wa pili wa kilima, ingaliona nini? Mtoto awezaye kujibu maswali hayo atasoma gazeti kwa busara, atasikiliza hotuba kwa busara, na mtu akija kijijini na ramani yenye mahali peupe, hatatia kidole gumba upesi.

Tena yako mambo ya kwetu yanayongoja kamera. Wairaqw wana slufay, ambayo mzee husema na watu wote humjibu, hata maneno yawe ya mkutano wote. Wahadzabe wa Yaeda Chini hufuata ndege mpaka kwenye asali. Wabarabaigi hujua ng'ombe wao mmoja mmoja kwa rangi na kwa jina. Vijana wetu wenye simu zipigazo picha wasiishie kuchukua sura zao wenyewe. Waende kwa wazee wangali hai, waombe ruhusa kwa adabu, wawaulize majina yao kwanza, kisha ndipo waanze kupiga picha.